Pua ya Nyigu na Kiganja cha Bi Nyundo

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi. Bi Nyundo amefumba macho. Kiganja chake cha kulia kinatembea taratibu juu ya pua ya gari jekundu, kutoka taa moja hadi nyingine, na midomo yake inacheza kama ya mtu anayehesabu kimoyomoyo.

"Macho yanadanganya," anasema bila kuyafumbua. "Yanaona rangi, yanaona mng'ao, yanababaika. Kiganja hakibabaiki."

Amesimama katikati ya karakana yake, chumba kirefu cha matofali yasiyopigwa lipu, chenye milango miwili ya bati inayofungukia barabarani. Ukutani zimetundikwa nyundo thelathini na nane, kila moja na msumari wake. Sakafuni kuna gogo lililochimbwa katikati mfano wa bakuli, na pembeni yake mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Kwa vifaa hivyo mwanamke huyu wa miaka arobaini na tisa hunyoosha magari yaliyokunjamana mpaka mwenye gari akija hakumbuki aligonga wapi.

Na hilo jekundu lililo mbele yake limewafanya watu wazima, wengine wana wajukuu, wasisalimiane kwa wiki tatu.

Tueleze vizuri, maana si kila msomaji ana ugonjwa wa magari. Ni gari la michezo la milango miwili, chini chini, lenye kiuno chembamba na mngurumo wa kuudhi. Wapenzi wake wanaliita Nyigu. Kwa miaka mingi lilikuwa na taa mbili za duara na mdomo mdogo, uso wa mtu mpole. Mwaka huu kampuni inayolitengeneza ikalibadilisha sura. Taa zimekuwa nyembamba kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa fujo. Mdomo umepanuliwa mpaka karibu uguse lami. Na pua imekuwa laini tupu.

Hapo kwenye pua ndipo pana ugomvi mkubwa. Mashabiki wanasema Nyigu wa kweli ana mkunjo, mstari mwembamba uliosimama kama mgongo wa kisu, unaoanzia katikati ya taa na kupanda hadi kwenye boneti. Sura mpya haina mkunjo.

Picha zilipoingia kwenye kundi la simu la chama chao, chama chenye magari thelathini na moja, ujumbe ulifika mia nne na kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana.

"Hili ni gari au mashine ya kunyolea ndevu?" aliuliza mmoja.

"Limenuna kama shemeji aliyenyimwa kiti cha mbele," akaongeza mwingine.

Upande wa pili nao hawakulala. "Nyinyi hamtaki gari, mnataka picha ya marehemu," aliandika mwanamke mmoja kijana, fundi umeme wa lifti, ambaye anamiliki Nyigu wa bluu na hana simile hata kidogo. "Mimi nimelipenda. Lina hasira. Gari la mbio linatakiwa litishe, siyo litabasamu."

Basi chama kikagawanyika vipande viwili: Macho Duara na Macho Membamba. Ndugu wawili wa tumbo moja wakaacha kupeana lifti. Haki ya nani, kwa ajili ya taa.

Moto ungezimika wenyewe kama Daktari wa Meno angenyamaza. Lakini hakunyamaza. Huyu ndiye mwenye Nyigu mkongwe kuliko wote, wa mwaka wa kwanza kabisa kutengenezwa, hilo jekundu. Ana miaka sitini na mitatu na amechoka kumiliki gari ambalo watu hulitazama kama kaburi la mtakatifu. Akatangaza kwamba anataka alivalishe sura mpya, na siyo ile ya plastiki ya kubandika inayouzwa na wajanja. Anataka ya bati, ipigwe na Bi Nyundo.

Macho Duara wakaja juu. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu wa jiografia anayeandika ujumbe wa simu wenye aya na vichwa vidogo, akatoa tamko. Pua ya gari la Daktari, alisema, ndiyo kipimo cha pua zote. Atakayeiondoa atoke chamani, na fundi atakayekubali kazi hiyo asahau magari ya wanachama.

Katika kila magari kumi yanayoingia kwa Bi Nyundo, saba ni ya wanachama.

Hilo ndilo lililotupeleka kwake sisi wa gazeti. Tulitaka kumuuliza swali moja tu: ataiondoa au hataiondoa? Mkutano wa kuamua ulikuwa kesho yake, Jumapili.

Bi Nyundo aliifunika pua kwa turubai, akaifunua tena, akapangusa vumbi ambalo hatukuliona. Kisha akasema, "Funga huo mlango kwanza."

Tukafunga.

"Hiyo wanayoigombania haikutoka kiwandani," akasema. "Nimeipiga mimi. Na huo mkunjo wanaouabudu ni kosa langu."

Tulidhani anatania, maana ni mtu wa utani, lakini jicho lake halikucheka.

Ilianza hivi. Miaka ishirini na sita iliyopita aliingia kwenye gereji moja kubwa, kazi yake kuchemsha chai na kufagia. Saa za chakula, mafundi wakijinyoosha kivulini, yeye aliokota vipande vya bati vilivyotupwa akavigonga juu ya gogo. Alipiga bakuli. Akapiga kifuniko cha sufuria. Miaka minne alikuwa anapiga vitu visivyo na mwenyewe.

Mwaka wa nne Daktari, wakati huo bado mtu mwenye haraka zake, aliligonga lango la zege akatokea upande wa pili. Pua ya Nyigu ikawa kama karatasi iliyofinyangwa. Mzee mwenye gereji akaahidi kuagiza mpya kutoka kiwandani. Miezi mitatu ikapita, jibu likaja: hazitengenezwi tena.

"Mzee alikuwa anazunguka gereji na ile barua, uso umemshuka," anakumbuka Bi Nyundo. "Nikamwekea chai. Nikamwambia, mzee wangu, niachie mimi. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akaona sicheki."

Alipewa miezi sita. Alichukua kumi na moja.

Mjini kulikuwa na Nyigu mwingine mmoja tu, wa tajiri fulani, aliyeegeshwa nyuma ya jengo la ofisi. Alasiri saba mfululizo Bi Nyundo alikwenda kulipapasa. Mlinzi wa pale alimvumilia siku tatu, ya nne akashindwa.

"Akaniuliza, dada, hilo gari linaumwa nini? Nikamjibu, lina homa. Akasema basi endelea."

Lakini kiganja hakiwezi kubebwa hadi gereji kikawekwa juu ya gogo. Alihitaji vipimo. Hapo ndipo anaingia fundi cherehani mmoja aliyekuwa akimchumbia, ambaye alikuwa hajajibiwa ndiyo wala hapana. Kijana akaja na karatasi za kukatia nguo, chaki na pini. Mlinzi alipokwenda kula, akalilalia lile gari na kulipima kama anavyompima bibi harusi.

"Gari halina adabu," anasema mume huyo leo, maana jibu lilikuja kuwa ndiyo. Chumba chake cha kushonea kimeungana na karakana, na alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, tepu shingoni. "Mtu ukimwambia simama wima, anasimama. Pua ile inapinda huku na kule. Katikati karatasi ikazidi upana wa kidole. Nikaikunja, nikatia pini, nikasema nitaipunguza nikifika nyumbani. Nikasahau."

Mpenzi aliyesahau, karatasi iliyokunjwa, na binti aliyefuata karatasi. Alipofika katikati ya pua, Bi Nyundo aliona mkunjo akaupiga, nyundo kwa nyundo, ukasimama.

"Kiganja kiliniambia haupo," anasema, na sasa sauti yake imeshuka. "Alasiri saba nimelipapasa lile gari, mkunjo sikuukuta. Lakini nikajiambia, mimi ni nani? Karatasi imepimwa na fundi, mimi ni mtu wa chai. Nikaamini karatasi, nikajikana mwenyewe." Alipotaka kwenda kuhakiki, yule tajiri alikuwa ameshahama na gari lake.

Pua ikapakwa rangi. Daktari alipokuja, mzee mwenye gereji akamwambia imefika kutoka kiwandani, naye hakukumbuka vizuri ya zamani ilikuwaje. Pembeni akamnong'oneza Bi Nyundo, "Binti yangu, nikimwambia imepigwa na mwenye chai, gari analiondoa sasa hivi." Kesho yake akatafuta mtu mwingine wa kuchemsha chai, naye Bi Nyundo akapewa nyundo.

"Ndiyo ilikuwa shukrani yake, na simlaumu, amelala," anasema. "Lakini hakusema. Mpaka anazikwa hakusema."

Miaka ikapita, chama kikaanzishwa. Mwenyekiti akaliona gari la Daktari, gari la mwaka wa kwanza, lenye mkunjo ambao mengine hayana. Akatafakari. Akafikia uamuzi kwamba magari yote ya mwanzo yalikuwa nao, kiwanda kikafanya uvivu, na mafundi wa mitaani wakamalizia kuuharibu. Aliandika kijitabu cha kurasa kumi na moja juu ya mkunjo huo. Wanachama wakapanga foleni kwa Bi Nyundo: turudishie mkunjo wetu.

"Wa kwanza nilitaka kumwambia ukweli. Wa pili nikameza mate. Wa tatu ikawa kazi kama kazi nyingine. Nimeuweka kwenye magari kumi na moja."

Sasa msomaji anauona mtego aliokuwamo. Akisema, anawaambia watu kumi na mmoja kwamba wametembea na kosa lake, na huenda asiguse Nyigu tena. Akinyamaza, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya itabaki kuitwa ya kiwanda mpaka naye alale.

"Sema, mke wangu," mumewe akamwambia. "Mimi ndiye niliyekunja. Wakitaka kumfunga mtu, wanifunge mimi."

"Wewe nani atakufunga? Una mashati ya watu humo ndani."

Jumapili saa nne, uwanja wa maegesho nyuma ya jengo la ofisi. Magari ishirini na sita yamepangwa kwa safu mbili zinazotazamana, Macho Duara huku, Macho Membamba kule, na lile jekundu la Daktari katikati. Bi Nyundo amevaa gauni la kijani lililoshonwa na mumewe. Wameketi kwenye viti vya plastiki, bega kwa bega.

Mwenyekiti anasimama. Ni mrefu, mwembamba, na anapozungumza hunyoosha kidole kana kwamba nyuma yake pana ramani.

"Ndugu zangu, mimi siyo adui wa mabadiliko," anaanza, na fundi lifti anakohoa kwa makusudi. "Lakini tazameni mkunjo huu. Umetoka kwenye mashine yenye uzito wa nyumba. Mkono wa binadamu hauwezi kuubuni. Hata Bi Nyundo wetu, pamoja na heshima zangu zote kwake, anachofanya ni kunakili."

Tulimtazama Bi Nyundo. Alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, fundi."

"Nisaidie jambo dogo." Anakwenda kwenye gari jekundu na kufungua boneti. "Ingiza mkono humu, nyuma ya pua. Fumba macho, papasa."

Mwenyekiti anasitasita, anakunja mkono wa shati, anaingiza.

"Unasikia nini?"

"Vishimo."

"Vikoje?"

"Vidogo vidogo. Vimejipanga... vimejipanga vizuri sana."

"Mashine yenye uzito wa nyumba haipigi vishimo, Mwenyekiti. Inakandamiza mara moja, basi, nyuma panabaki laini. Hivyo ni nyundo. Vinafika kama elfu tisa. Nilivipiga mimi, miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa mtu wa chai."

Mkono wa Mwenyekiti haukutoka mle ndani.

"Na mkunjo?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mkunjo ni kosa. Karatasi ilikunjwa vibaya, nami nikaifuata."

Fundi cherehani akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi. "Ni kweli. Mimi ndiye niliyesahau kupunguza."

Fundi lifti akaangua kicheko, akajiziba mdomo, akashindwa, akacheka tena. Lakini si wote waliocheka. Mwanamume mmoja wa Macho Duara alisimama, mishipa imemtoka shingoni. "Miaka yote hii unatuchezea akili!"

"Ndiyo," akasema Bi Nyundo. Hakujitetea. "Ninyi kumi na mmoja niliwawekea kosa langu, nikawaacha muamini ni la kiwanda. Nawaomba radhi. Anayetaka niuondoe, alete gari kesho, simdai chochote."

Mwenyekiti alitoa mkono. Akatembea hadi kwenye gari lake mwenyewe, la kijivu, akafungua boneti, akaingiza mkono tena. Alikaa hivyo muda mrefu, amewapa watu mgongo. Aliporudi miwani yake ilikuwa mkononi.

"Nimeandika kurasa kumi na moja," akasema. "Usiku na mchana nasifu mkono uliopiga mstari ule. Kumbe mkono wenyewe nilikuwa nausalimia kila Jumapili kwenye mikutano yetu, nikiuagiza chai."

Alisema "chai" akagundua alichosema. Akamshika Bi Nyundo mikono yote miwili. Tunakiri kwamba na sisi tulitazama pembeni, maana macho yalikuwa yanatuwasha.

Hakuna hata mmoja aliyeomba mkunjo wake uondolewe. Yule mwenye mishipa aliingiza mkono chini ya boneti ya gari lake, akautoa, akaingiza tena, kisha akaketi.

Halafu yakatokea tusiyoyatarajia. "Sasa ndiyo haiguswi kabisa!" Mwenyekiti akapaza sauti, nguvu zimemrudia. "Daktari, thubutu!" Na Macho Membamba, walewale waliotaka pua hiyo ibanduliwe, wakaitikia. "Isiguswe!" akapiga kelele fundi lifti. "Mimi napenda sura mpya, lakini hiyo isiguswe!" Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu chama kilikuwa na kauli moja.

Daktari wa Meno akainua mkono. "Gari ni langu," akasema. "Lakini pua nimegundua leo kwamba niliazimwa. Aseme mwenyewe. Fundi, tuiache?"

Bi Nyundo aliitazama kazi yake. Akaipitishia kiganja mara moja, safari hii macho wazi.

"Tuitoe," akasema.

Lo! Kelele zilizozuka hapo hatuwezi kuziandika gazetini. Alisubiri zipungue.

"Ninaipenda kuliko ninyi nyote," akasema. "Lakini niliipiga kwa kujificha, wenzangu wakienda kula. Nikaipiga kwa woga. Shikeni hapa upande wa kushoto, mtasikia mahali mkono ulitetemeka. Sitetemeki tena. Nataka nipige nyingine milango ikiwa wazi, na mwenye gari akijua ni nani anapiga."

Kazi imeanza wiki hii. Pua ya zamani imefunguliwa nzima, skrubu kwa skrubu, na imetundikwa katika chumba cha fundi cherehani juu ya mashine yake, kwa kuwa, anasema mkewe, naye ana sehemu yake humo. Mwenyekiti ameshakuja mara mbili kuitazama na kijitabu chake mkononi, akirekebisha kwa kalamu ya risasi. Kurasa kumi na moja zimekuwa kumi na nane.

Milango yote miwili ya karakana iko wazi, na karatasi mpya zimebandikwa ukutani chini ya nyundo. Wapita njia wanasimama. Macho Duara na Macho Membamba wanakuja kwa zamu, wanakalia ndoo za puti, ile ya kuzibia mabonde ya bati, zilizogeuzwa, wanabishana kuhusu taa, na kila mmoja anapewa msasa ili asikae bure.

Bi Nyundo anakadiria miezi minne. Baada ya hapo ana mpango wa kuweka bango mlangoni, maana miaka yote hii hakuwahi kuwa nalo, lenye jina alilopewa na wazazi wake na chini yake maneno matatu: Napiga kwa mkono. Sura mpya yenyewe bado haijamkaa rohoni. "Limenuna," anasema, "lakini hata walionuna wanahitaji pua."

Tulipokuwa tunaaga, mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya ile karatasi kubwa ya katikati, pini mdomoni, anapima kwa mara ya tatu. Tukamuuliza mkewe kama haogopi ikakunjika tena.

Bi Nyundo akachukua nyundo ya mbao kutoka kwenye msumari wake.

"Ikunjike tu," akasema. "Safari hii nikikosea, watajua nimekosea mimi."